Kanuni ya Saba: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi Mwenye Usonji na Hadubini Iliyovunjika

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kufundishia. Hakimhusu mtoto mmoja anayeweza kutambuliwa. Kimesukwa kutokana na mambo ambayo walimu, wazazi na washauri wanaoishi na watoto wenye usonji (kwa Kiingereza autism, yaani tofauti ya ukuaji inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine) huyakuta mara kwa mara. Nimekichagua kwa sababu kina ugumu ambao visa vingi vya aina hii huukwepa: mtoto alikosa kweli, na papo hapo alikuwa na hoja ya kweli, na yote mawili yalitokea ndani ya dakika zisizozidi kumi.

Tukio

Mhusika ni mvulana wa miaka 13, aliyetambuliwa kuwa na usonji akiwa na miaka 6. Anazungumza vizuri, tena kwa lugha iliyonyooka kuliko wenzake, anafanya vyema katika masomo ya sayansi, na kwa kuwa hakuna mwenzake anayetunza vifaa kama yeye, amekabidhiwa ufunguo wa kabati la maabara. Ukutani mwa maabara hiyo pamebandikwa kanuni tisa. Ya nne inataka mikoba yote iwekwe chini ya meza. Ya saba inasema, bila neno la ziada: “Atakayevunja kifaa atakilipa.” Siku ya kwanza ya muhula mwalimu alizisoma zote kwa sauti, akaongeza kwamba kanuni hizo hazimjui mkubwa wala mdogo. Mvulana alizinakili daftarini, pamoja na maneno hayo ya nyongeza.

Kipindi cha mwisho cha siku moja, msichana wa meza ya pili alikuwa akibeba hadubini kutoka kabatini. Alijikwaa kwenye mkanda wa mkoba uliokuwa umeachwa njiani, akaanguka kwa goti, na hadubini ikapiga sakafu. Lenzi mbili zilipasuka. Msichana akasema, “Samahani, Mwalimu, samahani sana.” Mwalimu akamwinua, akamwambia, “Pole. Hujaumia? Haina neno, tutaitengeneza.”

Mvulana akasimama. “Ina neno,” alisema. “Ni kanuni ya saba.” Darasa likacheka. Mwalimu akamwamuru aketi. Hakuketi. Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye karatasi ya kanuni, na aliisoma kanuni ya saba mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, kisha akasema, “Mwalimu, umesema uongo.” Kicheko kikakatika. Msichana akaanza kulia. Mvulana akauchukua mkoba wa msichana, akauweka ndani ya kabati, akafunga kwa ufunguo, akatangaza kwamba mkoba huo ni rehani mpaka hadubini ilipwe. Alipotakiwa kutoa ufunguo alikataa. Kengele ya kwenda nyumbani iligonga msichana akiwa amesimama mbele ya kabati lililofungwa, na mkoba haukutoka mpaka mama yake mvulana alipofika.

Taarifa iliyoandikwa jioni hiyo ilikuwa na makosa matatu: kumtukana mwalimu, kuchukua mali ya mwenzake kwa nguvu, na la tatu, ambalo kwa kweli halikuwa kosa bali hukumu, kwamba mwanafunzi huyu “hana huruma hata kidogo na hajui jema na baya.”

Hukumu hiyo ya tatu ndiyo inayonishughulisha. Makosa mawili ya kwanza yanaweza kuzungumzwa na kurekebishwa. Ukishaandika kwamba mtoto hajui jema na baya, umefunga mlango, kwa sababu asiyejua jema na baya hakuna la kumwuliza. Kilichobaki ni kumdhibiti.

Alivyoeleza mwenyewe

Siku iliyofuata mshauri nasaha alikaa naye kwa muda wa vipindi viwili. Hakumwuliza “Kwa nini ulifanya vile?”, swali ambalo kwa watoto wengi wenye usonji halina mwanzo wala mwisho. Alimpa karatasi na penseli za rangi, akamwomba achore maabara ilivyokuwa wakati hadubini inaanguka.

Mchoro ulikuwa na kila kitu mahali pake: kabati, meza sita, karatasi ya kanuni ukutani. Goti la msichana lilikuwa na doa jekundu. Mwalimu hakuwa ameliona jeraha hilo, na hata taarifa ya jioni haikulitaja. Kando ya goti palikuwa na vipande vidogo vya kioo na mshale mwekundu unaovielekeza mbali. Alipoulizwa mshale ule ni wa nini, alijibu, “Nilivisogeza kwa kiatu. Angepiga goti juu yake tena.”

“Kwa hiyo ulijua kwamba ameumia?”

“Ndiyo. Alikuwa analia kwa sababu ya goti.”

“Huoni kwamba alianza kulia uliposimama kusoma kanuni?”

Akanyamaza muda mrefu. “Goti linachelewa kuuma,” alisema.

Naomba msomaji asilipite jibu hilo haraka. Mtoto anayeambiwa hana huruma ndiye peke yake chumbani aliyeliona jeraha, na ndiye aliyeondoa vioo. Alichokosea ni sababu ya machozi: aliona maumivu, akayatafutia chanzo kilicho mbele ya macho, yaani damu, kwa kuwa chanzo kingine, aibu ya kusomewa kosa mbele ya darasa zima, hakikuwa na alama inayoonekana.

Mshauri aliendelea na maswali ya aina nyingine. “Kama Mwalimu angeruhusu wanafunzi wakae popote wanapotaka, ingekuwa sawa kukaa kwenye kiti cha mwenzako?” Ingekuwa sawa, alijibu, kwa sababu viti hupangwa na mwalimu. “Na kama Mwalimu angeruhusu kuvunja vitu vya watu?” Hapo alikunja uso kana kwamba ameulizwa jambo la kipuuzi. “Hapana. Mwenye kitu ameharibikiwa. Mwalimu hawezi kuruhusu hilo.”

Kisha mshauri akachora picha mbili. Katika ya kwanza mtoto anarusha jiwe ili avunje chupa ya mwenzake, linakosa. Katika ya pili mtoto anateleza na kuvunja chupa bila kutaka. Nani alitaka kuharibu? Wa kwanza, alijibu bila kusita. Nani kakosa zaidi? Akazitazama picha kwa zamu. “Wa pili. Yake imevunjika.”

“Lakini ilikuwa bahati mbaya.”

“Bahati haishiki chupa,” alisema. “Mikono ndiyo inayoshika.”

Alichokuwa nacho na alichopungukiwa

Majibu hayo yanatupa picha iliyo wazi kuliko taarifa ya jioni, na yanaingiliana vizuri na yale ambayo watafiti wamekuwa wakiyajadili kwa miongo kadhaa.

Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Elliot Turiel alionyesha kwamba watoto, hata walio wadogo sana, hutenganisha kanuni za aina mbili. Zipo za utaratibu tu, kama nani akae wapi na mwalimu aitweje, ambazo mwenye mamlaka akizibadilisha zimebadilika. Na zipo zinazolinda watu wasidhurike, ambazo hazitanguki hata mwenye mamlaka akitoa ruhusa. Kutenganisha aina hizi mbili huchukuliwa kuwa dalili ya msingi kwamba mtu anafahamu uovu ni nini, kwa sababu anayetii tu kwa hofu ya adhabu huziona kanuni zote kuwa sawa. Mwaka 1996 James Blair aliwapima watoto wenye usonji kwa njia hiyo, akakuta kwamba wanazitenganisha, wakiwemo wale walioshindwa majaribio ya kutambua mawazo ya mtu mwingine. Mvulana wetu alifanya vivyo hivyo. Hajui jema na baya? Aliijibu hoja hiyo kwa sentensi tatu, tena akamwekea mwalimu mpaka wa mamlaka yake.

Mkanganyiko unatokana, nadhani, na jaribio jingine lililopata umaarufu mkubwa kupita kiasi chake. Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith waliwaonyesha watoto mwanasesere anayeweka gololi kikapuni na kutoka. Akiwa nje, mwingine anaihamisha na kuiweka kwenye boksi. Swali ni moja: akirudi ataitafuta wapi? Katika watoto 20 wenye usonji, 16 walisema ataitafuta pale ilipo kweli, yaani hawakutilia maanani kwamba mwenye gololi hakuona ikihamishwa. Watoto wengi wa kawaida waliokuwa wadogo kuliko wao walijibu kwa usahihi. Matokeo yenyewe ni ya maana. Ubaya ulikuja pale watu walipoyachukua na kuyavusha mto ambao hayakujengewa daraja: kutoka “hafahamu mwenzake anawaza nini” wakafika “hajali mwenzake anahisi nini”, na kutoka hapo “hana maadili”. Hizo ni safari tatu tofauti. Kujua kilichomo kichwani mwa mtu ni jambo moja, kuguswa na maumivu yake ni jingine, na kujua kwamba kumdhuru ni vibaya ni la tatu. Tapeli hodari analiweza la kwanza vizuri sana.

Pungufu halisi katika kisa hiki liko kwenye picha mbili za chupa. Mvulana aliijua nia. Alipoulizwa nani alitaka kuharibu alijibu papo hapo. Lakini ulipofika wakati wa kupima kosa, nia hiyo haikuwekwa mizanini. Yaliwekwa madhara peke yake. Jean Piaget alieleza katika mwaka 1932 jinsi watoto wadogo wanavyohukumu hivyo: kwao, aliyevunja vikombe 15 kwa kufungua mlango bila kujua kilichopo nyuma yake ana hatia kubwa kuliko aliyevunja kikombe kimoja akidokoa. Kwa kawaida mtindo huo hufifia kadiri mtoto anavyokua. Kwa watu wenye usonji mabaki yake yanaweza kuonekana hata utu uzimani. Joseph Moran, Liane Young, Rebecca Saxe na wenzao walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu watu wazima wenye usonji ambao majaribio ya kawaida ya kutambua imani potofu, yaani kutambua kwamba mtu anaamini jambo lisilo kweli kama yule mwenye gololi, waliyapita bila shida, lakini walipohukumu madhara yaliyotokea bila kukusudiwa, walikuwa wakali kuliko wenzao. Walijua kwamba mtendaji hakukusudia. Ujuzi huo haukupunguza uzito wa hukumu kama ulivyoupunguza kwa wengine.

Hili lina matokeo ya moja kwa moja kwa anayemfundisha mtoto kama huyu. Ukimwambia “lakini hakukusudia”, unampa habari ambayo tayari anayo. Ni kama kumwonyesha mtu taa iliyokwisha kuwaka. Anachohitaji kuelezwa ni kwa nini habari hiyo inahesabiwa: adhabu inatolewa ili iweje, na je, kumtoza aliyejikwaa kutamfanya asijikwae kesho? Hoja ya namna hiyo ina hatua, na kwa hatua yeye ni mwepesi.

Kanuni iliyoandikwa nusu

Sasa turudi kwa mwalimu, ambaye nisingependa aonekane mtu mbaya. Alimwona mtoto ameanguka, akamtuliza. Mtu mzima mwenye utu angefanya nini kingine? Ila hebu tuyasikilize maneno yake kwa masikio ya mtoto anayechukua neno kama lilivyo.

Kwanza, msichana alisema “samahani”. Anayeomba samahani amekiri. Kwa mvulana, kesi ilikuwa imekwisha kwa ungamo la mshtakiwa mwenyewe. Pili, mwalimu alimwambia “pole”. Sisi tunampa pole yeyote aliyepatwa, awe na kosa asiwe nalo, na hatuoni ajabu kumpa pole aliyevunja. Mvulana alijua kwamba pole ni ya aliyeharibikiwa, na aliyeharibikiwa pale ilikuwa maabara. Tatu, “haina neno.” Hadubini imepasuka lenzi mbili, kanuni iko ukutani, na mwalimu anasema haina neno. Maneno haya kwa wengi wetu hayasemi lolote kuhusu kifaa. Ni mkono wa kumpapasa mtu begani. Ni funika kombe mwanaharamu apite. Mtoto aliyesikia maana ya juu peke yake alisikia taarifa isiyo ya kweli, naye akaitaja kwa jina lake.

Lipo na jambo ambalo halikuingia kwenye taarifa kabisa. Miezi miwili kabla, mwanafunzi mwingine alivunja chupa ya maabara, akatakiwa kuilipa, na akailipa. Alipokumbushwa, mwalimu alieleza kwamba yule alikuwa akicheza kwa kurushiana chupa na mwenzake, na huyu alijikwaa. Tofauti hiyo ni ya haki. Lakini haikuandikwa popote, wala haikusemwa siku ile. Mvulana alikuwa na kanuni iliyoandikwa, maneno ya mwalimu kwamba haimjui mkubwa wala mdogo, na mfano mmoja wa utekelezaji. Kwa ushahidi aliokuwa nao, alichokiona mbele yake ni upendeleo. Na sikuamini kwamba yeye peke yake ndiye aliyeuona hivyo: wanafunzi wawili walimwambia mshauri baadaye kwamba nao walijiuliza kama wangesamehewa, ila waliulizana kwa kunong’ona.

Tofauti kati ya kunong’ona na kusimama ina historia yake. Utafiti wa Keise Izuma na wenzake, uliotoka mwaka 2011, uliwapa watu nafasi ya kutoa fedha kwa hisani, mara wakiwa wanatazamwa na mara wakiwa peke yao. Watu wasio na usonji walitoa zaidi walipotazamwa. Wenye usonji hawakubadilika. Tukilitazama jambo hili kwa upande mmoja tutasema hawaijui heshima ya hadhara. Kwa upande wa pili, wao wema wao hauhitaji mtazamaji. Mvulana hakupima kama darasa lingemcheka au mwalimu angefedheheka, kwa sababu vipimo hivyo havimo katika swali “je, kanuni imefuatwa?” Ni pungufu, maana mwalimu alifedheheka kweli. Pia ni aina ya unyofu ambao watu wazima husema wanautamani, hadi wanapokutana nao uso kwa uso.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanazuoni ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao ni tatizo la pande mbili: kila upande unashindwa kumsoma mwenzake, ila ni upande mmoja tu unaoitwa mgonjwa. Katika maabara ile, mwalimu naye alisoma vibaya. Macho yaliyoelekea ukutani aliyachukua kuwa dharau, ingawa yalikuwa yakisoma. Sauti iliyopanda aliichukua kuwa kiburi, ingawa mama mtu, alipoelezwa, alisema mara moja kwamba mwanawe hupandisha sauti hivyo anapotishika. Leo Kanner, alipoeleza watoto 11 mwaka 1943, tayari aliandika juu ya shauku yao kubwa ya kutaka mambo yabaki kama yalivyo. Kwa mtoto wa namna hiyo kanuni ni ukuta wa nyumba. Siku inapoonekana kwamba inaweza kutenguliwa kwa neno moja la upole, hajui ni ukuta upi mwingine utakaofuata.

Mkoba

Yote niliyoyasema hayaufuti mkoba. Msichana aliyekuwa ameanguka, ameumia na ameaibika, alinyimwa mali yake na kuzuiwa kwenda nyumbani na mtu aliyeshika ufunguo. Kuna watetezi wa watoto wenye usonji ambao, kwa nia njema, wangelifunika hili kwa maelezo ya kitabibu. Naona wanamkosea mtoto mara mbili: wanamtendea kana kwamba hawezi kuambiwa amekosa, na wanamwacha arudie mahali ambapo watu watamjibu kwa nguvu.

Aliambiwa. Mshauri hakumwuliza “ungejisikiaje wewe?”, kwa kuwa swali hilo lingemfanya ajibu kwamba yeye angelipa na kumaliza mambo. Alimwuliza rehani ni nini. Mvulana alieleza vizuri: ni mali anayoiweka mdaiwa kwa mdai mpaka alipe deni. “Nani anaiweka?” Mdaiwa. “Mkoba uliwekwa na nani?” Akaitazama karatasi yake. “Sikumwuliza,” alisema. Kisha akaongeza, bila kuombwa, kwamba kuchukua kitu cha mtu bila kumwuliza ni kosa hata kama mwalimu angeruhusu. Alikuwa amekiweka kitendo chake mwenyewe kwenye fungu la makosa ambayo hakuna mtu awezaye kuyaruhusu, na alikubali kuomba radhi kwa hilo. Kwa kudai hadubini ilipwe alikataa kuomba radhi, na mshauri hakumlazimisha. Nakubaliana naye. Samahani ya kulazimishwa ingemfundisha kwamba neno hilo ni nywila ya kutokea kwenye ofisi.

Msichana alipoulizwa anataka nini, alisema amelisikia ombi la radhi lakini kwa sasa hataki kukaa meza moja naye. Alipewa alichotaka, bila kuhubiriwa kuhusu uvumilivu. Mara nyingi tunapozungumzia ujumuishi, yaani watoto wenye mahitaji maalumu kusoma pamoja na wenzao, tunamsahau aliyeumizwa, au tunamgeuza kuwa chombo cha kumfunzia mwenzake.

Mlango uliofunguka

Mabadiliko makubwa hayakutokana na mahubiri ya huruma, na mshauri anakiri kwamba hakuyapanga. Akiwa anaangalia tena mchoro wake, mvulana aliweka kidole kwenye mkanda uliokuwa njiani. “Mkoba huu umevunja kanuni ya nne,” alisema. Akanyamaza. “Kanuni ya nne ilivunjwa kabla ya ya saba.” Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa ameliuliza: je, anayepaswa kulipa si yule aliyeacha mkoba njiani?

Hapo alikuwa amemtoa msichana kwenye hatia kwa miguu yake mwenyewe. Njia aliyopita haikuanzia moyoni mwa msichana. Ilianzia kwenye chanzo: nini kilisababisha nini, na katika mnyororo huo nani alikuwa na uwezo wa kuzuia. Kwa mtoto ambaye nyuso zinamchosha na sababu zinamvutia, hii ndiyo barabara ya lami, na kumlazimisha apite kichakani kwa kuwa sisi ndiko tulikozoea kupita ni ukaidi wetu. Aliyejikwaa hakuwa na la kuzuia. Aliyecheza na chupa alikuwa nalo. Aliyeacha mkoba alikuwa nalo kidogo. Mvulana alichora mistari mitatu ya urefu tofauti kuonyesha viwango hivyo. Nia, ambayo jana yake haikuwa na mahali mizanini, sasa ilikuwa na mstari wake.

Njia hii ina hatari zake, nazo zitajwe. Watoto wenye usonji hufundishwa sana kwa kanuni na kwa visa vifupi vilivyoandikwa, mbinu ambayo Carol Gray aliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambayo ina manufaa yake. Lakini kanuni isiyo na sababu ndani yake humfanya mtoto awe mawindo rahisi. Aliyefundishwa “watii wakubwa” na hakuambiwa kwa nini wala mpaka wapi atamtii pia mkubwa mwenye nia mbaya. Kwa hiyo kila kanuni anayopewa mtoto wa namna hii inafaa iwe na sehemu tatu: jambo lenyewe, linamlinda nani, na ni lini halifanyi kazi. Sehemu ya tatu ndiyo watu wazima huisahau, kwa sababu wao wanaijua bila kuambiwa.

Kanuni ya saba iliandikwa upya, mvulana akiwa mmoja wa waandishi. Sasa inasema kwamba atakayevunja kifaa kwa mchezo au kwa uzembe atakilipa, na kwamba aliyejikwaa, kuteleza au kusukumwa hatalipa ila atatoa taarifa siku hiyo hiyo. Mvulana aliuliza kuhusu mtu aliyekuwa akicheza na kisha akateleza. Mwalimu hakuwa na jibu tayari, na kwa sifa yake alisema hivyo. Mwalimu alimweleza pia kwamba “haina neno” ilikuwa ya kumtuliza msichana na haikuhusu hali ya hadubini. “Basi ungesema hivyo,” mvulana alijibu. Neno “uongo” liliondolewa kwenye taarifa kwa makubaliano ya wote wawili, likaandikwa “kutoelewana”. Ufunguo wa kabati ulikaa kwa mwalimu kwa muda wa mwezi mmoja, kisha ukarudishwa kwa mvulana kwa sharti moja lililoandikwa, kwamba kabati ni la vifaa vya maabara tu.

Muhula uliofuata mvulana mwenyewe alipasua slaidi moja ya kioo akiwa anaipangusa. Hakuna aliyemwona. Alijaza fomu ya taarifa, akaandika saa, mahali na aina ya slaidi, na alipofika kwenye kisanduku cha sababu hakuweka alama yoyote. Alikwenda kwa mwalimu na karatasi mkononi, akamweleza kwamba hakuwa akicheza wala hakuteleza, ila alikuwa akiwaza jambo jingine, naye anataka kujua kama kuwaza jambo jingine ni uzembe. Mwalimu alimwomba aiache fomu mezani ampe jibu kesho yake.